Kufundisha Panya wa Maabara kwa Skrini ya Kugusa: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila wanafunzi wapya wanapoingia maabara, maswali yanarudi yale yale. Panya wangu hagusi skrini, nifanyeje? Ni lazima nimpunguzie chakula? Mbona wiki ya pili hii bado anapata nusu kwa nusu, ana kasoro? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukikwama ujue urudi hatua ipi.

Nianze na jambo moja ninaloliamini kabisa: panya asiyejifunza kwenye boksi hili mara nyingi hana tatizo lolote kichwani. Tatizo liko kwenye mrija wa maziwa, kwenye mizani, au kwenye hatua uliyoiruka kwa haraka. Kagua hayo kwanza, ndipo umhukumu mnyama.

Mwongozo huu unahusu panya wadogo, wale wa gramu 20 hadi 30 hivi, na zoezi la kuchagua kati ya picha mbili, kisha kuligeuza. Ndilo zoezi la kuanzia. Ukiliweza hili, mengine yote yanajengwa juu yake.

Boksi lenyewe kwa ufupi

Ni boksi lenye umbo la trapeza: upande mpana una skrini, upande mwembamba una kihori, yaani kitundu chenye taa ambamo tuzo hudondokea. Mbele ya skrini hukaa kibao cheusi chenye madirisha, ili panya aguse pale tu penye picha. Boksi zima limo ndani ya kabati linalozuia kelele, lenye feni, taa, spika na kamera juu. Panya hugusa picha kwa pua, kompyuta hunakili, mlio unalia, maziwa yanatoka.

Mbinu hii ilielezwa kwa panya wa jamii kubwa (rat) mwaka 1994 na mtafiti Timothy Bussey na wenzake huko Cambridge, Uingereza. Baadaye yeye na mtafiti mwenzake Lisa Saksida waliiendeleza hadi ikawafaa panya wadogo, na mwaka 2013 taratibu zake zilichapishwa hatua kwa hatua katika jarida la Nature Protocols. Faida yake kubwa ni kwamba mgonjwa hospitalini naye anaweza kupewa zoezi la namna hiyo hiyo kwenye skrini, kwa hiyo matokeo ya panya na ya mtu yanaweza kuwekwa mezani pamoja.

Waliosikia habari za panyabuku wa Morogoro wanaofunzwa kunusa mabomu ya ardhini huuliza kama ni mafunzo yale yale. Msingi ni mmoja: tendo sahihi, mlio, kisha chakula. Ila kule mkufunzi yuko bega kwa bega na mnyama wake. Hapa mkono wa mtu umeondolewa makusudi, ili hofu ya kushikwashikwa na upendeleo wa mtazamaji visiingie kwenye takwimu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kibali cha maadili ya utafiti wa wanyama, kinachotaja wazi kupunguza chakula. Bila hicho usimguse mnyama.
- Panya waliokwisha kukomaa, wa umri wa wiki 8 hadi 10 au zaidi, wanaoona vizuri. Ukoo wa C57BL/6 unafaa. Usichukue FVB/N wala C3H: wana kasoro ya kurithi inayoharibu retina, na zoezi lote hili ni la macho.
- Mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na nyingine inayosoma sehemu ya elfu kwa ajili ya kupima pampu.
- Tuzo: maziwa matamu yenye ladha ya stroberi ndiyo yanayotumika sana. Vipo pia vidonge vya chakula vya miligramu 14.
- Kibao chenye madirisha mawili.
- Alkoholi ya kusafishia, maji safi, taulo za karatasi.
- Daftari. Ndiyo, daftari la karatasi, hata kama kompyuta inanakili kila kitu. Kompyuta haitakuandikia kwamba leo fundi alikuwa anatoboa ukuta chumba cha pili.
- Saa maalumu ya kila siku. Panya akifunzwa saa nne asubuhi leo na saa kumi jioni kesho, njaa yake haitakuwa ile ile.

Hatua kwa hatua

1. Kagua boksi likiwa tupu. Fungua programu ya majaribio, gusa kila dirisha kwa kidole, uone kama kompyuta imenakili dirisha hilo hilo. Ingiza kidole kwenye kihori, uone kama kimehisiwa. Kata kwa mkono miale ya infraredi ya sakafuni, ile inayohisi panya anapopita, mbele na nyuma. Washa taa, sikiliza mlio, sikiliza feni.

Kisha pampu, na hapa usiwe na haraka. Dozi ya kawaida kwa panya mdogo ni mikrolita 7, tone dogo kiasi kwamba kwa macho huwezi kutofautisha 7 na 4. Weka kikombe kidogo kwenye kihori, iamuru pampu itoe dozi 100, kisha pima. Maziwa yanapaswa kuwa na uzito wa takriban gramu 0.7. Ukipata 0.4, panya wako anafanya kazi kwa karibu nusu mshahara na atakata tamaa mapema. Ongeza muda wa pampu, pima tena. Fanya hivyo kwa kila boksi peke yake, kwa sababu mirija huchakaa tofauti, na boksi moja likitoa tuzo kubwa kuliko jingine utakuja kudhani umegundua tofauti kati ya makundi ya panya unayoyalinganisha, kama wenye ugonjwa na wazima.

2. Punguza uzito taratibu. Pima panya kwa siku tatu mfululizo akiwa anakula apendavyo, chukua wastani. Lengo ni asilimia 85 hadi 90 ya uzito huo. Aliyekuwa na gramu 28 atakaa kati ya gramu 23.8 na 25.2. Mfikishe hapo kwa siku kadhaa, usimkate chakula chote siku moja. Wengi hutulia kwa gramu 2 hadi 3 za chakula kwa siku, lakini mwenye kauli ya mwisho ni mizani, siyo kanuni. Maji yawepo wakati wote.

Mpe chakula baada ya zoezi, kamwe si kabla. Kama wanaishi wengi kwenye kizimba kimoja, katakata chakula na ukitawanye, vinginevyo mbabe atakula cha wote na mnyonge atakonda huku wastani wa kizimba ukionekana mzuri. Pima kila mmoja kila siku, Jumapili ikiwemo. Akishuka chini ya asilimia 85, mwongeze chakula siku hiyo hiyo. Kibali chako kitataja kiwango cha kumtoa kwenye zoezi na kumwita daktari wa mifugo. Kiandike kwa kalamu nyekundu mlangoni.

3. Muonjeshe tuzo nyumbani kwake. Kwa siku moja au mbili weka maziwa kidogo kwenye kisahani ndani ya kizimba. Panya huogopa chakula kigeni. Ukiruka hatua hii, siku ya kwanza ndani ya boksi atakuwa anapambana na ugeni mara mbili: mahali pageni na kinywaji kigeni.

4. Mzoeshe boksi. Siku ya kwanza dakika 10 tu, taa zimezimwa, hakuna picha, hakuna kazi. Azunguke, anuse, ajisafishe manyoya. Siku zinazofuata mwongeze hadi dakika 20, halafu 40, huku maziwa yakitoka kihorini pamoja na mlio na taa ya kihori. Anachojifunza hapa ni kimoja: mlio ukilia, kihorini kuna kitu.

Tazama kwenye kamera. Panya aliyezoea huinua kichwa mlio unapolia, hugeuka na kwenda moja kwa moja. Asiyezoea hujikunyata pembeni, mkia ameubana, na mavi yamejaa sakafuni. Huyo mrudishie siku nyingine ya kuzoea. Na baada ya kila kipindi chungulia kihori: maziwa yakiwa yamebaki, usiendelee na hatua ya 5.

5. Mguso wa kwanza. Sasa picha moja inatokea kwenye dirisha moja, jingine likiwa tupu. Panya asipogusa kwa sekunde 30, picha inatoweka na anapata tuzo vile vile. Akigusa, anapata tuzo mara tatu, takriban mikrolita 20. Kisha mapumziko ya sekunde 20, na zamu nyingine. Akimaliza zamu 30 ndani ya dakika 60, anavuka.

6. Lazima aguse. Tuzo ya bure imekwisha. Picha inamsubiri mpaka aiguse. Hapa ndipo wanaoanza hupata hofu, kwa sababu panya aliyekuwa akinywa vizuri jana leo amekaa tu akitazama kihori. Mwache. Siku mbili tatu za kusuasua ni za kawaida. Wapo wanaopaka siagi ya karanga kidogo au unga wa kidonge cha tuzo kwenye dirisha ili anuse na kugusa. Inasaidia, lakini itumie kwa panya aliyekwama tu, andika daftarini, na ufute kabisa baada ya kipindi hicho. Kipimo ni kile kile: zamu 30 kwa dakika 60.

7. Aanzishe zamu mwenyewe. Kuanzia hapa, baada ya mapumziko taa ya kihori huwaka, naye lazima aingize pua na kuitoa ndipo picha itokee. Usiione hatua hii kuwa urembo. Inahakikisha kwamba kila zamu inaanza panya akiwa tayari, na kutoka mahali pale pale.

8. Kosa liwe na gharama. Akigusa dirisha tupu, hakuna tuzo: taa ya boksi inawaka kwa sekunde 5 naye anasubiri. Kwa mnyama wa gizani, mwanga huo ni kero ya kutosha. Hakuna haja ya kitu kikali zaidi. Avuke akipata angalau 23 kati ya 30 kwa siku mbili mfululizo.

9. Picha mbili. Hapa ndipo kipimo chenyewe kinapoanza. Picha mbili zinatokea pamoja. Moja ina tuzo, nyingine haina. Zinabadilishana kulia na kushoto bila mpangilio, na picha yenye tuzo isitokee upande mmoja zaidi ya mara tatu mfululizo. Chagua jozi ambayo wengine wameshaitumia, kama ile ya picha ya feni na picha ya gololi, yenye mng'ao unaolingana. Ukichora zako mwenyewe, moja ikawa na weupe mwingi kuliko nyingine, panya atafuata mwanga, na wewe utadhani anakumbuka umbo.

Nusu ya panya katika kila kundi tuzo yao iwe feni, nusu gololi. Usifanye kundi moja feni, kundi jingine gololi. Data ya namna hiyo haina dawa.

Akikosa, zamu ile ile inarudiwa, picha zile zile pande zile zile, mpaka apate. Zamu hizi za marudio hazihesabiwi kwenye asilimia, lakini idadi yake itunze. Inakuonyesha panya anayeng'ang'ania kosa, jambo ambalo asilimia peke yake inalificha. Amefaulu akifika asilimia 80, yaani 24 kati ya 30, siku mbili mfululizo. Kubahatisha ni asilimia 50, kwa hiyo siku za mwanzo karibu na hapo si dalili ya ugonjwa wowote. Wengine humaliza kwa siku chache, wengine huchukua wiki tatu.

10. Geuza. Picha iliyokuwa na tuzo sasa haina, na iliyokosa sasa inayo. Siku ya kwanza asilimia itaanguka chini kabisa ya 50. Furahi: ndiyo ushahidi kwamba alikuwa anakumbuka. Polepole atapanda hadi 50, kisha ataanza kujifunza upya. Vipande hivi viwili vichambue kando, kwa sababu kuacha kanuni ya zamani na kujifunza mpya si kazi moja ya ubongo. Panya ambaye gamba la mbele la ubongo wake limeumia anaweza kujifunza picha ya kwanza vizuri sana, kisha akakwama hapa kwenye kugeuza. Kwa hiyo usije ukaishia hatua ya 9 ukasema "makundi hayana tofauti".

Kila siku baada ya kazi

Futa sakafu na kuta kati ya panya mmoja na mwingine. Jioni pitisha maji kwenye mirija, kisha alkoholi, kisha maji tena. Maziwa yakilala ndani usiku mmoja yanaganda, na asubuhi una kizibo. Alkoholi nayo ikibaki, tone la kwanza atakalolipata panya kesho litamchukiza kihori kwa siku kadhaa. Ndiyo maana asubuhi unaanza kwa kuendesha pampu mpaka maziwa yenyewe yatoke, halafu unafuta kihori.

Skrini ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na pembe za fremu yake kwa makini, kwa sababu utakayoisoma hapa chini.

Makosa yanayojirudia

Kurukisha hatua. Kundi zima linasubiri panya mmoja aliye nyuma, mtafiti anaona ampitishe tu. Usimpitishe. Kila panya asonge kwa kasi yake. Aliyemaliza mapema mpe kipindi kimoja tu kila siku mbili tatu asisahau, mpaka wenzake wafike.

Kumhamisha boksi. Panya akianza boksi la 3, amalizie boksi la 3. Na hakikisha kila boksi limepata panya wa makundi yote.

Kujua nani ni wa kundi gani. Mashine haipendelei mtu, ila wewe ndiye unayeamua nani apakwe siagi ya karanga na nani aongezewe chakula. Omba mwenzako akufichie orodha.

Manukato, na kumbadilishia panya matandiko dakika tano kabla ya zoezi. Vyote viwili huharibu siku nzima.

Ukikwama

*Hagusi kabisa.* Tazama uzito kwanza. Akiwa juu ya asilimia 90, hana sababu ya kufanya kazi. Uzito ukiwa sawa, tazama kama anakunywa: maziwa yakibaki kihorini, rudi hatua ya 4. Anakunywa ila hagusi? Rudi hatua ya 5 kwa siku mbili.

*Kompyuta inanakili miguso wakati panya yuko nyuma.* Skrini nyingi za aina hii hazihisi shinikizo. Zina miale ya infraredi inayopita mbele ya kioo, na chochote kinachoikata huhesabiwa kuwa mguso. Chembe ya matandiko iliyonasa kwenye fremu inatosha. Tone la maziwa pia. Safisha pembe zote, kisha acha boksi tupu likifanya kazi dakika kumi. Hesabu isome sifuri. Ikiwa bado, rudia kutazama video: mkia wa panya anayegeuka karibu na dirisha nao hukata miale.

*Anagusa upande mmoja tu.* Hakikisha dirisha la upande wa pili linafanya kazi, na kibao hakijasogea. Vikiwa sawa, zamu za marudio ndizo dawa, kwa sababu hazimwachi asonge mpaka abadilishe upande. Zipe siku chache.

*Alikuwa vizuri, ghafla ameshuka.* Pima pampu leo hii. Kisha soma daftari: kizimba kimebadilishwa? Amepigana na wenzake? Kuna mtu mpya aliyembeba? Mkague meno na macho pia.

*Anafanya zamu 12 kisha anaacha.* Ameshiba au tuzo ni ndogo. Linganisha muda anaotumia kufuata tuzo mwanzoni na mwishoni mwa kipindi. Akikimbilia kihori kwa sekunde moja au mbili mpaka mwisho, hamu anayo, tafuta sababu nyingine. Muda huo ukirefuka zamu hadi zamu, punguza chakula cha kizimbani kidogo ndani ya mipaka ya kibali.

*Kundi lenye ugonjwa ni polepole kila mahali.* Usikimbilie kuandika kwamba limepoteza kumbukumbu. Angalia muda wa kugusa, muda wa kufuata tuzo, na idadi ya miale ya sakafuni iliyokatwa. Mnyama anayetembea kwa shida au asiyependa maziwa atachukua siku nyingi hata kama kumbukumbu yake ni nzima. Kama muda wa kufuata tuzo unalingana katika makundi yote na asilimia ndiyo inayotofautiana, hapo una jambo la kumpelekea msimamizi wako.

*Nimemaliza haya, niende wapi?* Inategemea swali lako. Kwa kumbukumbu ya kitu na mahali pake, lipo zoezi la picha tatu na madirisha matatu, ambapo kila picha ina dirisha lake. Panga wiki nyingi, kwa maana ni gumu. Kwa kutofautisha mahali palipokaribiana, kazi inayotegemea hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, yapo madirisha sita yenye miraba inayosogezwa karibu au mbali. Kwa umakini, madirisha matano na mwanga unaomulika kwa muda mfupi. Yote yanaanzia hatua ya 1 hadi ya 8 kama ulivyozisoma, na tofauti ndogo ndogo za kibao na picha. Matokeo ya maabara nyingine unaweza kuyalinganisha na yako kwenye hazina ya data ya MouseBytes, inayoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Western nchini Kanada.